Mkaa wa Kopo na Daftari la Nyumbani



Katika nyumba nyingi za miji ya Tanzania mshahara haujatimiza wiki moja mfukoni kabla haujadaiwa na watu watatu. Wa kwanza ni mita ya LUKU, ambayo taa yake nyekundu haijui kusubiri. Wa pili ni muuza mkaa wa pembeni ya barabara, ambaye kopo lake kila mwaka linazidi kuwa dogo huku bei ikizidi kuwa kubwa. Wa tatu ni mtungi wa gesi, ambao ukimalizika hutaka fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Wote watatu wanauza kitu kimoja tu: moto wa kupikia na mwanga wa kuonea. Hata hivyo ni nyumba chache sana ambazo zimewahi kukaa na kupiga hesabu kujua ni nani kati ya hao watatu anayeuza kwa bei nafuu, na ni nani anayenyonya.

Gharama za nishati zinapopanda, shauri linalotolewa haraka haraka ni la kuhama. Mwananchi huambiwa amwache muuzaji huyu amfuate yule, auache moto huu ashike ule. Shauri hilo laweza kuwa jema, na laweza kuwa mtego. Mazungumzo haya yanakusudia kulichambua: kuhama kutoka wapi, kwenda wapi, kwa hesabu gani, na kwa faida ya nani.

Yafaa kwanza kutazama nchi ambayo kuhama huko kumefanywa kuwa ndiyo siasa yenyewe ya nishati. Huko Uingereza, baada ya mashirika ya umma ya gesi na umeme kubinafsishwa, soko la majumbani lilifunguliwa hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 1999 kila kaya ilikuwa na uhuru wa kuchagua kampuni ya kuiuzia gesi na umeme. Nyaya zilibaki zile zile, na mabomba yale yale. Kilichobadilika ni jina lililo juu ya ankara. Wananchi waliambiwa kwamba wakiwa wepesi wa kuhama, kampuni zitashindana, na zikishindana bei itashuka. Zikaibuka kampuni nyingi ndogo ndogo zilizouza kwa bei ya kuvutia, na aghalabu zilikuwa hazina mtambo hata mmoja wa kuzalisha umeme, bali zilinunua sokoni na kuuza majumbani.

Mwaka 2021 bei ya gesi ilipopanda ghafula katika masoko ya dunia, kampuni hizo zilianza kuanguka moja baada ya nyingine. Zaidi ya kampuni 25 zilifilisika. Kampuni iliyoitwa Bulb, yenye wateja zaidi ya milioni moja na nusu, iliwekwa chini ya usimamizi maalumu mwezi Novemba mwaka huo, na fedha za Serikali zikatumika kuiendesha. Wateja wa kampuni zilizokufa walihamishiwa kwenye kampuni zilizobaki, na gharama ya mahame hayo ikagawanywa katika ankara za wananchi wote. Mkaguzi mkuu wa hesabu za nchi hiyo alikadiria mwaka 2022 kwamba kila kaya ingebeba takriban pauni 94, bila kuhesabu gharama ya Bulb. Kwa maneno mengine, hata yule bibi kizee ambaye hakuwahi kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine alilipia karamu ya waliohama.

Uingereza ilikuwa imekwisha kuweka kikomo cha bei tangu Januari 2019, kwa sababu ilionekana kwamba kampuni ziliwapunguzia bei wateja wapya na kuwakamua wale waaminifu waliotulia. Lakini kikomo nacho kilipanda na soko. Kwa nyumba ya matumizi ya kawaida kilifika pauni 1,971 kwa mwaka kuanzia Aprili 2022, na ilitangazwa kwamba kuanzia Oktoba kingefika pauni 3,549. Hapo Serikali ya chama kilichokuwa kikihubiri siku zote kwamba soko lijiendeshe lenyewe ilibidi iingilie kati na kuishusha bei hiyo hadi pauni 2,500 kwa fedha za walipa kodi. Na katika majira yale yale, kampuni zote zilipouza kwa bei ya kikomo, hapakuwa na pa kuhamia. Uhuru wa kuchagua ulitoweka siku ile ile ulipohitajiwa.

Funzo la mkasa huo si kwamba mwananchi asichague. Funzo ni kwamba kuhama kunamsaidia mtu pale tu penye tofauti ya kweli kati ya anachokiacha na anachokifuata. Kubadili jina kwenye ankara si kubadili moto.

Ndugu, kwa Tanzania Bara jambo hilo limekaa vingine. Umeme wa majumbani kwa sehemu kubwa unauzwa na shirika moja la umma, TANESCO, na bei yake hupitishwa na mamlaka ya udhibiti, EWURA, ikiwa sawa kwa mteja wa Kariakoo na kwa mteja wa Namanyere. Hakuna kampuni ya pili ya kukimbilia. Wapo wanaolisikitikia jambo hilo. Lakini kaya ya Tanzania ina uchaguzi mwingine ambao ni mzito zaidi kuliko ule wa Mwingereza, kwa kuwa yenyewe huchagua aina ya moto: mkaa, kuni, gesi ya mtungi au umeme. Hapo tofauti ni ya kweli, na ndipo panapotaka hesabu.

Makosa yanayofanywa na wengi ni kulinganisha bei za kununulia. Mtu husema mkaa ni rahisi kwa sababu kopo moja linanunuliwa kwa fedha ndogo, na gesi ni ghali kwa sababu mtungi unataka fedha nyingi. Lakini hakuna mtu anayekula mkaa wala gesi. Kinachotakiwa ni joto linaloingia ndani ya sufuria. Kilo moja ya mkaa ina joto la takriban megajuli 30, lakini jiko la kawaida la bati huliingiza sufuriani kiasi cha sehemu moja tu ya tano, na zinazobaki hupasha moto ukuta, hewa na uso wa mpishi. Kilo moja ya gesi ina takriban megajuli 46, na jiko lake huingiza sufuriani zaidi kidogo ya nusu. Uniti moja ya umeme ina megajuli 3.6, na jiko la sahani huingiza takriban sehemu saba katika kumi. Ukikokotoa hivyo utapata kwamba kilo ya mkaa inampa mpishi megajuli 6, kilo ya gesi takriban 25, na uniti ya umeme takriban mbili na nusu.

Kutokana na hesabu hiyo inapatikana kanuni ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kuishika: moja, nne, kumi. Kilo moja ya gesi, kilo nne za mkaa na uniti kumi za umeme hupika chakula kile kile. Mwananchi na achukue bei ya kilo ya mkaa ya mtaani kwake aizidishe kwa nne. Achukue bei ya uniti ya umeme aizidishe kwa kumi. Kisha aweke majibu hayo kando ya bei ya kilo moja ya gesi. Nambari iliyo ndogo kuliko zote ndiyo moto wa bei nafuu katika nyumba yake. Ikiwa hajui kopo lake lina uzito gani, basi alibebe hadi dukani lipimwe kwenye mizani, maana ulanguzi mwingi umejificha ndani ya kipimo kisicho na jina. Na ikiwa anatumia jiko banifu, linalohifadhi joto vizuri zaidi, ile nne inaweza kushuka kuwa tatu. Hilo peke yake linaonyesha kwamba hata asiyeweza kuuacha mkaa leo, anaweza kuacha kuupoteza robo yake.

Upande wa umeme hesabu inataka uangalifu zaidi, kwa sababu uniti hazina bei moja. Kwa viwango vilivyopitishwa na EWURA mwaka 2016, ambavyo vimedumu kwa miaka mingi, mteja wa kawaida wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, inakuwa takriban shilingi 356. Mara kumi ni shilingi 3,560. Maana yake ni kwamba kwa mteja huyo, mtungi wa kilo 6 ukiuzwa zaidi ya shilingi 21,360, jiko la umeme limekwisha kuushinda. Ni wangapi wanaolijua hilo? Watu wengi wamekaririshana kwamba umeme haupikiwi, nao hawajawahi kuzidisha kwa kumi.

Lipo kundi jingine, la D1, lililowekwa kwa ajili ya wananchi wa kipato cha chini. Humo uniti 75 za kwanza kwa mwezi huuzwa shilingi 100 kila moja, yaani shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Bei hiyo ni ruzuku ya taifa kwa mnyonge. Lakini uniti ya 76 huruka hadi shilingi 350, na anayezidisha mara kwa mara huhamishiwa T1. Kwa hiyo mwenye D1 akilifanya jiko la sahani kuwa jiko lake la kila kitu, atavuka mpaka na kuipoteza nafuu aliyopewa. La busara kwake ni kuugawa moto. Vyakula vya kuchemka muda mrefu, kama maharage, makande na nyama ngumu, vipikwe kwenye jiko la umeme la presha, ambalo hufunga joto ndani na kupika chungu cha maharage kwa umeme usiotimiza uniti moja. Vya haraka, kama chai na mboga, vipikwe kwa gesi. Nyumba inayofanya hivyo inaweza kubaki chini ya uniti 75 na mkaa ikausahau.

Na umeme wa kupikia upatikane wapi? Utapatikana kwanza kwenye ule unaopotea. Balbu moja ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana na huo, hula uniti moja na theluthi moja. Nyumba yenye balbu nne za zamani hutumia uniti 36 kwa mwanga peke yake, takriban nusu ya haki yake yote ya D1, mahali ambapo uniti tano na ushei zingetosha. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima hula uniti moja. Basi sare za watoto za wiki nzima na zipigwe pasi Jumapili kwa pamoja, badala ya pasi kuwashwa kila alfajiri kwa shati moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Jumapili mtu na asome mita, aandike nambari yake katika daftari, atoe ya wiki iliyopita, na atajua nyumba yake ilikula nini.

Kuhusu gesi ya mtungi, huko ndiko mwananchi anakoweza kweli kuhama muuzaji, kwa kuwa kampuni ziko kadhaa. Lakini ajihadhari. Mtungi una nembo ya kampuni yake, na mwenye mtungi wa kampuni isiyo na wakala mtaani atahangaika siku ukiisha. Basi kabla ya kununua mtungi wa kwanza, achunguze kwanza ni mitungi gani inayobadilishwa karibu na kwake. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe. Muuzaji anapaswa kuwa na mizani, na mnunuzi ana haki ya kupimiwa: uzito wa mtungi uliojaa, toa uzito wa mtungi mtupu, ndio uzito wa gesi. Asiyetaka kupima amekwisha kujieleza. Na kwa usalama, mtungi usimame wima mahali penye hewa, mpira wake ukaguliwe kwa povu la sabuni, na ikisikika harufu asiwashe wala kuzima swichi yoyote, bali afungue madirisha kwanza. Mkaa nao usihesabiwe kuwa salama kwa kuwa umezoeleka. Jiko lililoingizwa chumbani usiku wa baridi limekwisha kuua watu waliolala wasiamke.

Sasa, ndugu, hesabu hizi zikiishia hapo zitakuwa mahubiri tu, na mahubiri hayachemshi maji. Swali gumu ni hili: ikiwa gesi na umeme mara nyingi hushinda, kwa nini mamilioni ya watu wanaendelea na kopo la mkaa? Wapo wanaojibu kwamba ni ujinga, au ni ladha ya wali wa mkaa. Jibu hilo ni la kuwadharau wananchi. Mama lishe anayepata fedha zake leo kwa leo anajua fika kwamba gunia ni nafuu kuliko kopo. Hanunui gunia kwa sababu hana bei ya gunia. Hanunui gesi kwa sababu mtungi hauuzwi nusu kilo. Ananunua kwa kopo kwa sababu kopo ndilo pekee linalolingana na kipato chake cha siku, na kwa ajili ya udogo wa kipimo hicho analipa kwa kila kilo zaidi kuliko mkurugenzi anayenunua gunia. Hivyo ndivyo umaskini unavyomtoza mtu kodi isiyoandikwa katika sheria yoyote.

Historia nayo inathibitisha kwamba kufunga mlango mmoja bila kufungua mwingine hakusaidii. Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa ili kuokoa misitu. Marufuku hiyo haikudumu ila wiki chache, kwa kuwa miji haikuwa na moto mwingine wa kupikia. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa karibu na ile ya dizeli ili kukomesha uchakachuaji, na nia ilikuwa njema, kwani magari yalikuwa yakiharibiwa. Lakini jiko la mchina likapoteza nafuu yake, na wengi waliolitumia hawakuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye mkaa.

Kwa sababu hiyo ni jambo la kutia moyo kwamba safari hii taifa limeanza kwa kufungua milango. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mwaka huo huo wa 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ulianza kutoa umeme, katika mradi uliopangiwa megawati 2,115. Gesi ya mitungi hununuliwa nje kwa fedha za kigeni, wala isichanganywe na gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara, ambayo husafiri kwa bomba. Maji ya Rufiji hayaagizwi kutoka kokote. Kila sufuria ya maharage inayopikwa kwa umeme huo ni hatua ya kujitegemea, na ni mti mmoja unaobaki umesimama.

Lakini bwawa likijaa na mnyonge akabaki na kopo lake, lengo halitafikiwa. Na hapa ndipo mazungumzo haya yanapowageukia walimu na watumishi wa umma wenyewe.

La kwanza linahusu nyumba za kupanga. Ichukuliwe nyumba ya vyumba sita vyenye wapangaji sita na mita moja. Kila mpangaji anatumia uniti 30 kwa mwezi. Angekuwa na mita yake angestahili D1, na angelipa shilingi 3,660. Lakini mita inahesabu uniti 180 za mtu mmoja, basi nyumba nzima imo T1, na kila mpangaji analipa shilingi 10,680. Ruzuku iliyokusudiwa kwa mnyonge haimfikii mnyonge. Inakwama mlangoni pa nyumba anayopanga. Mpangaji mwenyewe hawezi kujinasua, maana tangu Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini ilirudishwa kuwa shilingi 320,960, ilhali vijijini ilibaki shilingi 27,000. Kwa nafuu ya shilingi 7,020 kwa mwezi angehitaji karibu miaka minne kuirejesha fedha hiyo, na baada ya mwaka mmoja pengine kodi ya chumba imempandia na amekwisha kuhama.

Ni nani basi anayeweza? Ni mwenye nyumba. Na wenye nyumba hao ni akina nani? Mara nyingi si mabepari wa kutoka ng'ambo. Ni mwalimu mkuu aliyejenga kwa mkopo wa benki, ni karani mwandamizi wa halmashauri, ni muuguzi aliyestaafu. Wengine huwatoza wapangaji fedha ya umeme kwa kichwa au kwa balbu, wakibakiwa na chenji ambayo haina stakabadhi. Wapo pia wanaonyamaza kuhusu kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 imekuwa ikikatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na mwaka 2023 ikawa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme huikatwa tu kwa niaba yake, na anastahili kurudishiwa au kupunguziwa pango. Fedha yenyewe ni ndogo. Lakini mtumishi wa umma anayemwachia mpangaji wake mzigo usio wake, kisha akasimama kwenye mkutano kuzungumzia haki za wanyonge, atasikilizwa na nani?

La pili linahusu vyama vya kuweka na kukopa. Karibu kila wilaya ina SACCOS ya walimu. Vyama hivyo hukopesha kwa ajili ya harusi, bati na pikipiki. Ni vichache vinavyokopesha jiko. Mtungi, jiko la gesi au jiko la presha la umeme ni mkopo mdogo, unaoweza kukatwa katika mshahara kwa miezi michache, na unaojilipa kwa mkaa usionunuliwa. Na chama kinachonunua majiko mia moja kwa pamoja kina sauti mbele ya muuzaji kuliko walimu mia moja wanaokwenda dukani mmoja mmoja. Hiyo ndiyo maana ya ushirika: kumfanya mwenye kopo anunue kwa bei ya gunia. Utaratibu huo ukikomaa usiishie kwa wenye mishahara, bali ufike kwa mama lishe na kwa vikundi vya kinamama mtaani, ambao malipo yao yapangwe kwa siku au kwa wiki, kama kipato chao kilivyo. Pamekwisha kuonekana mitungi yenye mita, ambayo mtu hulipia gesi kwa simu kidogo kidogo kwa kadiri anavyopika. Maarifa hayo ni mema, mradi bei ya kilo ndani ya mita hiyo ipigiwe hesabu ile ile ya moja, nne, kumi, isije ikawa ni kopo lile lile lililovaa nguo mpya.

La tatu linahusu shule. Mwaka 2023 Serikali iliagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, zikianzia mwisho wa Januari 2024. Shule ambayo bado inadai kila mtoto alete kuni kwa ajili ya uji wa shule inamfundisha jambo moja darasani na jingine jikoni. Mwalimu wa hisabati ana somo tayari: watoto na wasome mita za nyumbani kwao, wapime kopo la mkaa, wazidishe kwa nne na kwa kumi, warudi kwa wazazi na majibu. Hesabu iliyoletwa nyumbani na mtoto husikilizwa kuliko hotuba.

La nne linawahusu watumishi walio katika ofisi zenye dhamana. Mwananchi akifika kuuliza kwa nini yumo T1 na matumizi yake hayafiki uniti 75, asijibiwe kwamba mtandao uko chini, aje kesho. Aelezwe haki yake, na apewe fomu. Na wenye uwezo wa kupendekeza kanuni wafikirie mambo mawili: gharama ya kuunganishiwa mita ya mpangaji ilipwe kidogo kidogo ndani ya manunuzi ya LUKU, na nyumba ya wapangaji wengi ihesabiwe kwa idadi ya kaya zilizomo, si kwa idadi ya mita. Ruzuku isiyomfikia aliyekusudiwa ni sawa na maji yaliyomwagwa njiani.

Ndugu, huko Uingereza mwananchi aliambiwa ajiokoe peke yake kwa kuhama, na siku ya dhiki akajikuta amesimama peke yake. Tanzania haina sababu ya kuifuata njia hiyo. Kila mtu na apige hesabu yake, maana hakuna atakayempigia. Lakini kuihama gharama ya kweli, ile ya kopo, ya mita moja kwa watu sita, ya mtungi usiokopesheka, ni safari ambayo haiwezi kufanywa na mtu mmoja mmoja. Inafanywa na mtaa, na shule, na chama cha ushirika, na ofisi inayotenda haki.

Mwisho wa mwezi huu mshahara utaingia, na wale wadai watatu watakuja. Daftari na liwe limefunguliwa mezani kabla hawajafika. Na yule mwenye nyumba na wapangaji, kabla hajafungua daftari lake mwenyewe, aanze kwa kuwaonyesha wapangaji wake stakabadhi ya umeme.